Udongo una fosforasi 140: bwana shamba ananipongeza, jirani anasema ndiyo inayoua lambo. Nani mkweli?

#1 Mpwa wa Ndanda
Wakuu salaam. Nataka kununua shamba la bustani, ekari 2 na kidogo, bonde la Lukuledi huku chini ya mlima upande wa Ndanda. Mwenye nalo amezeeka, watoto wote wako Dar, hakuna anayetaka jembe. Miaka yote amelima nyanya, chainizi na mchicha, na mbolea yake kubwa ni ya kuku wa nyama aliokuwa anafuga palepale. Juu ya hiyo, DAP (mbolea ya dukani ya kupandia) kila anapopandikiza.

Kabla sijatoa hela nikachukua udongo nikapeleka kupima. Majibu: pH 5.4, mchanga asilimia 82, mboji ya kawaida, fosforasi (Bray 1) 140 mg kwa kilo. Pembeni wameandika JUU SANA. Bwana shamba akanipa mkono, akasema huo ni mtaji, miaka kadhaa sinunui mbolea ya kupandia.

Shida ni jirani. Shamba linashukia kwenye lambo la kijiji, toka tuta la mwisho hadi maji ni kama mita 40. Anasema tangu bustani zichangamke, lambo linageuka kijani kila baada ya mvua za kwanza, na mwaka juzi perege walielea. Maneno yake: "mbolea imejaa mpaka inamwagika."

Naomba kujua, udongo unaweza kujaa fosforasi mpaka ikamwagika? Na hatari yake inapimwaje? Maana kwenye karatasi ya maabara hakuna mahali pameandikwa chochote kuhusu maji.

#2 Kuchele82
140? Huku kwetu Nanyamba tukipata 6 tunachinja kuku. Lipia haraka mkuu, hayo mengine ni wivu wa jirani.

#3 Kizalia wa Kitangari
Nakazia #2. Halafu fosforasi haitembei jamani. Naitrojeni ndiyo inakimbia na maji, fosforasi unaiweka leo, mwakani unaikuta palepale. Ndiyo maana ya kupandia tunaiweka jirani na mbegu, mzizi uifuate. Kusema imesafiri mita 40 hadi lamboni ni chai, tena haina sukari.

#4 Mama Mabibo
Nimekaa pembeni na ming'oko yangu nasubiri wajuzi.

#5 BwanaUdongo
Kizalia, umesema kweli nusu. Fosforasi hunaswa na chuma na alumini zilizo kwenye udongo, hasa udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Lakini nafasi za kunasa zina idadi. Chukulia basi la Masasi: abiria wa kwanza wanapata viti, wa katikati wanashika bomba, wa mwisho wananing'inia mlangoni, na dereva akifunga breki hao ndio wanaodondoka. Udongo wenye mchanga asilimia 82 ni basi lenye viti vichache tangu kiwandani. Ukiumwagia mbolea ya kuku miaka nenda rudi, sehemu ya fosforasi inabaki haijashikwa vizuri, mvua ikija inayeyuka.

Hiyo ni njia moja. Ya pili ndiyo kubwa kwenye miteremko yetu: haihitaji kuyeyuka, inapewa lifti na tope. Udongo wa juu ukisombwa, fosforasi imekaa ndani yake. Kwa hiyo "haitembei" ni kweli kama udongo wenyewe hautembei.

Sasa kipimo. Bray 1 kilibuniwa kujua kama mmea utapata chakula, na ni kizuri kwa udongo wa tindikali kama wetu. Ikipita 20 au 30 mazao mengi hayadai tena. Lakini hakikuambii viti vingapi vimebaki. Kwa hilo Waholanzi hupima chuma na alumini inayotolewa na oksaliti (kemikali ya maabara), wanalinganisha na fosforasi iliyokwisha kushikwa, wanapata asilimia ya kujaa. Mstari wao wa tahadhari ni asilimia 25. Angalia hapo: hata robo haijapita, wao wanaanza kushtuka.

#6 Nanguruwe Express
Mkuu #5 hizo habari za Waholanzi waachie wenyewe, nchi yenye nguruwe wengi kuliko watu. Tatizo la udongo wa Afrika ni upungufu wa fosforasi, kila kitabu kinasema. Leo mkulima mmoja Ndanda kapata 140 tunaanza kumtisha? Hivi ndivyo tunavyobaki nyuma.

#7 Binti wa Mikindani
Marekebisho madogo kwa #6: Uholanzi nguruwe ni kama milioni 11, watu wanapita milioni 17. Nadhani ulitaka kusema Denmark, kule ndiko nguruwe wamewazidi watu.

Mleta uzi, lambo lina ukubwa gani? Urefu, upana, kina.

#8 Nanguruwe Express
Haya dada, Denmark. Nguruwe ni nguruwe.

#9 Mpwa wa Ndanda
@Binti wa Mikindani kwa hatua za miguu ni kama 50 kwa 40. Kina sijui, katikati linamzamisha mtu, pembeni magotini. Weka wastani mita moja na nusu.

#10 Binti wa Mikindani
Sawa. 50 × 40 × 1.5 ni mita za ujazo 3,000, yaani lita milioni 3. Maji ya ziwa au bwawa huanza kuwa na hatari ya kuota utando wa kijani fosforasi ikifika karibu mg 0.03 kwa lita. Kwa lambo lako hiyo ni gramu 90.

Gramu 90 tu. DAP ina fosforasi asilimia 20, kwa hiyo ni kama DAP gramu 450. Haifiki hata nusu kilo, ikiyeyukia yote humo.

Hapa ndipo bwana shamba na jirani wanapopishana. Mmea ukiwa shambani unataka maji ya kwenye udongo yawe na kama mg 0.2 kwa lita ili ustawi. Lambo linaharibika kwa chini ya moja ya sita ya hiyo. Mkulima akipoteza fosforasi ndogo kiasi kwamba mfukoni haisikii, lambo linaisikia.

#11 Kuchele82
Ngoja ngoja. DAP asilimia 20? Kwenye mfuko wameandika 18-46-0. Hiyo 46 ni ya nini, ya kupamba?

#12 BwanaUdongo
46 ni P2O5, namna ya zamani ya kuandika, ina oksijeni ndani yake. Kupata fosforasi yenyewe zidisha kwa 0.436. Mfuko wa kilo 50 una P2O5 kilo 23, fosforasi kilo 10. Binti yuko sahihi.

Na kwa kuwa tumefika hapo: nyanya mbichi zinabeba fosforasi kama robo kilo tu kwa tani. Ukiweka mfuko mmoja wa DAP umeweka fosforasi ya tani 40 za nyanya. Nani hapa anavuna tani 40 kwa mfuko mmoja? Inayobaki inakaa udongoni, msimu baada ya msimu. Mahindi yana afadhali, tani moja ya punje inaondoka na kama kilo 3.

#13 Kuchele82
Mfuko mmoja tani 40?? Kumbe miaka yote mimi nailisha ardhi, siyo nyanya.

#14 BwanaUdongo
Usikimbie upande wa pili mkuu. Kwako kwenye 6 unailisha ardhi kwa haki, ardhi yenyewe ina njaa, inameza kwanza ndiyo mmea upate. Endelea kuweka. Mwenye 140 ndiye anayemwaga hela.

#15 Mzee wa Salfa
Vijana mnahangaika na mbolea, mmesahau salfa. Mimi nina mikorosho tangu enzi hizo hakuna bomba la injini. Sasa hivi kila mti unapigwa robo kilo kila raundi, raundi nne tano kwa msimu kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, na vumbi nusu halitui kwenye mti. Linaenda wapi? Muulizeni mleta uzi kama juu ya hilo lambo hakuna mikorosho.

#16 Mpwa wa Ndanda
Shikamoo mzee. Ipo, upande wa mashariki, mingi tu.

#17 Mzee wa Salfa
Marahaba. Kesi imekwisha.

#18 Kizalia wa Kitangari
Mzee, salfa haina fosforasi hata chembe. Inachofanya ni kuongeza tindikali. Kilo 1 ya salfa inataka chokaa kama kilo 3 kuituliza. Na udongo ukizidi tindikali, fosforasi inafungwa zaidi na alumini. Kwa hesabu hiyo salfa ingelilinda lambo.

#19 BwanaUdongo
Kizalia, kwa shambani uko sahihi. Ila msimcheke mzee haraka, kuna mlango wa nyuma. Salfa ikishageuka salfeti inaoshwa kwa urahisi, inafika lamboni. Kule chini kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wanaigeuza salfidi, na salfidi inakamata chuma. Chuma hichohicho ndicho kilikuwa kimeishika fosforasi kwenye tope. Kikichukuliwa, fosforasi inaachiwa, inapanda juu. Jambo hili limeonekana kwenye maziwa na ardhi oevu za Ulaya. Kwa lambo la Ndanda siwezi kuapa, lakini siwezi kulifuta.

Tena hiyo inaleta jingine: tope la chini lenyewe ni ghala. Hata bustani zote zikifungwa leo, lambo linaweza kuendelea kuwa kijani miaka kadhaa kwa fosforasi ya zamani.

#20 Mzee wa Salfa
Mmesikia? Mlango wa nyuma. Mimi nilijua, maneno ya kitaalamu tu ndiyo sina.

#21 Lukuledi_Juu
Mbona hakuna anayetaja ng'ombe? Tangu wafugaji walipoondolewa Ihefu 2006 na 2007 mifugo imejaa huku kusini, wananywa lamboni, wanaacha samadi ndani ya maji. Mita 40 ya bustani ni safari, ng'ombe yumo ndani ya lambo kwa miguu yake minne.

#22 Ng'wana Shija
Nilijua tu uzi utafika kwa ng'ombe 😂. Mvua isiponyesha ni ng'ombe, korosho ikishuka bei mnadani ni ng'ombe. Kaka Lukuledi, umewahi kuona ng'ombe kwenye hilo lambo la jamaa au unasimulia?

#23 Lukuledi_Juu
Hilo la jamaa sijaona. Nasema kwa ujumla.

#24 Mpwa wa Ndanda
Ng'ombe wanapita kiangazi, si wengi. Na akina mama wanafulia upande wa barabarani, nalo niseme.

#25 Mama Mabibo
Haya, sasa ni akina mama.

#26 Binti wa Mikindani
Hapana dada, ila kitu chenyewe kipo. Baadhi ya sabuni za unga hutengenezwa kwa fosfeti, na povu linaingia moja kwa moja bila kupita kwenye udongo wowote. Ukikumbuka zile gramu 90, ufuaji wa kila siku si wa kupuuza. Mleta uzi angesoma pakiti ya sabuni wanayoitumia sana hapo.

#27 Mtoto wa Mvuvi
Ninyi mnajadili kijani, mimi nauliza samaki. Hao perege walielea saa ngapi? Na kambale je?

Lambo likijaa utando, mchana linazalisha hewa, usiku kila kilicho hai kinaivuta. Ikifika alfajiri hewa imekwisha. Perege wanakufa kabla jua halijatoka, utawaona kwanza wanahema juu ya maji midomo wazi. Kambale anavuta hewa ya juu, yeye anakuangalia tu. Kambale naye akifa, tafuta sumu, achana na mbolea.

#28 Mpwa wa Ndanda
Nimempigia jirani. Waliwakuta asubuhi wakati watoto wanaenda shule. Perege wengi, dagaa wadogo wengi. Kambale anasema hakumwona.

#29 Mtoto wa Mvuvi
Basi hewa iliisha. Imekaa vizuri na hadithi ya jirani.

#30 Nanguruwe Express
Au utupa. Watu wanaponda majani ya utupa usiku, wanamwaga, wanaokota wakubwa, alfajiri wadogo wanabaki wanaelea. Kwetu tumekua tunaona. Na kambale utupa anauvumilia kuliko perege, kwa hiyo kipimo chako #27 hakitenganishi kitu.

#31 Mtoto wa Mvuvi
Mmh. Hapo umenibana kidogo. Lakini wa utupa wangeokota wakubwa kwanza, waulize kama walioelea walikuwa na wakubwa.

#32 Mpwa wa Ndanda
Jirani ameanza kunichoka na simu. Nitamuuliza nikienda.

#33 Msomi wa Kiangazi
Nimesoma uzi wote. Swali la msingi lilikuwa hatari inapimwaje, tumeishia kwenye utupa. Wamarekani mwaka 1993 walileta fahirisi ya fosforasi ya kupima shamba moja moja. Unatazama chanzo: udongo una kiasi gani, unaongeza mbolea kiasi gani, unaifukia au unaimwaga juu, unaiweka mwezi gani. Halafu unatazama njia: mteremko, mmomonyoko, maji yanakopita, umbali hadi mtoni. Kimoja kikiwa sifuri, hatari ni ndogo hata kingine kikiwa kikubwa.

Mfano wa kwetu: mtu wa Tandahimba juu kabisa ya uwanda wa Makonde, shamba tambarare, mto wa karibu uko chini ya mlima. Akiwa na 140 yake, inakaa naye. Mwenye 40 tu kwenye mteremko unaoishia kwenye maji ndiye wa kuangaliwa. Mleta uzi bahati mbaya ana vyote viwili.

#34 BwanaUdongo
Naunga mkono #33. Niongeze kwamba namba za watu tusizihamishe kama zilivyo. Kuna utafiti wa 1995 wa shamba la Broadbalk kule Rothamsted, Uingereza: fosforasi kwenye maji ya mifereji ya chini ilibaki ndogo, udongo ulipopita mg 60 kwa kilo ikapanda ghafla. Lakini 60 ile ni ya kipimo cha Olsen, udongo wao ni mzito kuliko huu, na wana mifereji ya kuzikwa. Ukiichukua 140 ya Bray ukailinganisha na 60 ya Olsen umelinganisha debe na kangomba, kile kipimo haramu cha kununulia korosho.

#35 Kuchele82
Kangomba tena! Polisi wataingia kwenye uzi sasa hivi.

#36 Kizalia wa Kitangari
Nachingwea Waingereza walimwaga mbolea kwenye mradi wa karanga mpaka leo ardhi imejaa, wazee wanasema.

#37 Msomi wa Kiangazi
Wazee wanasema mengi. Mradi ulianza 1947, 1951 mwanzoni ukafutwa. Uliacha bandari ya Mtwara, na reli ambayo nayo iling'olewa. Miaka michache ile ya kuhangaika na visiki haiwezi kujaza ardhi ya Nachingwea fosforasi.

#38 Mzee wa Salfa
Reli ile baba yangu aliipanda. Haya endeleeni.

#39 Ng'wana Shija
Swali la kijinga: nikitumia Minjingu badala ya DAP si inayeyuka polepole? Lambo linapona?

#40 BwanaUdongo
Si la kijinga. Minjingu ni mwamba wa fosfeti kutoka kule Manyara, unayeyuka polepole na unapenda udongo wa tindikali kama huu wa 5.4. Ukiweka leo na mvua kubwa ikaja kesho, itakayoyeyuka na kukimbia ni ndogo kuliko ya DAP. Lakini kwa tope linalosombwa haina tofauti, nayo inapanda lifti. Na kwa mwenye 140 jibu ni kwamba asiweke yoyote.

#41 Wakili wa Mtaa
Nimechelewa. Mmeongea fosforasi kurasa mbili hakuna aliyeuliza sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa, bwawa haziruhusiwi. Tuta la mwisho liko mita 40. Ndugu mnunuzi, mita 20 za hilo shamba unanunua ugomvi.

#42 Lukuledi_Juu
Kilimo cha mchicha ni shughuli ya kudumu? Mchicha wiki tatu umevunwa.

#43 Wakili wa Mtaa
Nenda kamwambie hivyo afisa mazingira, mimi nitakuwepo kusikiliza. Waulize pia watu wa Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yao iko Mtwara mjini. Maji ni yao.

#44 Mpwa wa Ndanda
Hili la mita 60 sikulijua kabisa, na muuzaji hajanitajia. Asante sana mkuu.

Sasa tuseme nalinunua kwa bei iliyoshuka. Nafanya nini na hiyo 140?

#45 Binti wa Mikindani
Kwanza ujue ulichopima. Ulichukua udongo kina gani? Kama ni sentimita 20 za kawaida, basi hujui tabaka linalooshwa na mvua. Mbolea ya kuku iliyomwagwa juu hukaa juu. Chukua sentimita 5 za juu peke yake, na hizo 15 za chini peke yake. Halafu gawa shamba: karibu na banda la kuku, katikati, na chini kwenye tuta la mwisho. Sishangai ukikuta bandani 300 na kwingine 50.

Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba au Desemba, simama na chupa safi mahali maji yanapotokea shambani kuingia lamboni. Chukua nyingine upande wa mikorosho, nyingine upande wa kufulia. Wapime fosforasi yote na ile iliyoyeyuka. Chupa tatu siku moja zitakuambia zaidi ya huu uzi.

#46 Mtoto wa Mvuvi
Na hicho kijani ni kijani gani? Jaza chupa isiyo na rangi robo tatu, iache mahali pa baridi usiku kucha, usiitikise. Asubuhi kama kijani chote kimepanda juu kimefanya pete kama rangi ya mafuta, kuna uwezekano mkubwa ni bakteria wa kijani-buluu. Kikizama ni kitu kingine. Vaa glavu. Wakiwa ndio hao, watoto wasiogelee na mbuzi wasinywe. Kuchemsha hakuondoi sumu yao, watu wengi wanadhani kunaondoa.

#47 Mama Mabibo
Kuchemsha hakuondoi?? Kumbe.

#48 Msomi wa Kiangazi
Ndivyo. Mji wa Toledo, Marekani, Agosti 2014 watu zaidi ya laki 4 waliambiwa wasinywe maji ya bomba, na tangazo lilisisitiza wasichemshe. Chanzo kilikuwa ziwa Erie, na fosforasi ya mashamba ilitajwa mstari wa mbele.

Na kwa wanaodhani fosforasi inasingiziwa: Kanada mwaka 1973 walichukua ziwa dogo lenye kiuno, linaitwa 226, wakalikata kwa pazia. Upande mmoja wakaweka kaboni na naitrojeni, mwingine hivyohivyo pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi ukageuka kijani, wa pili ukabaki maji.

#49 Nanguruwe Express
Ziwa la Kanada halina utupa.

#50 Msomi wa Kiangazi
😂 Hapo sina jibu.

#51 BwanaUdongo
Mpwa, kuhusu kuipunguza: jiandae kusubiri. Kwa kina cha sentimita 20, mg 1 kwa kilo ni kama kilo 1 kwa ekari. Una kama kilo 140 zinazopatikana kwenye kila ekari, na nyuma yake kuna akiba nyingine ambayo Bray haikuiona. Nyanya tani 10 zinaondoka na kilo 2 na nusu. Piga hesabu mwenyewe ni misimu mingapi.

Afadhali ile sehemu ya chini, ambayo Wakili amekwisha kukunyang'anya, panda majani ya tembo yaliyoshonana, yazuie tope. Yakate, uyauze kwa wenye ng'ombe walioko mbali na lambo. Tani 10 za majani makavu zinabeba fosforasi kilo 20 mpaka 30. Ukiyakata ukayaacha hapohapo hujafanya kitu, umeisogeza tu. Bustani ya juu weka matuta ya kukinga mteremko, usipige yanayoshuka nao. DAP acha, mbolea ya kuku acha. Naitrojeni tumia urea au CAN.

#52 Kizalia wa Kitangari
Urea kwenye pH 5.4 itaishusha tena. CAN ni bora.

#53 BwanaUdongo
Kweli, CAN. Na chokaa kidogo baada ya kupima.

#54 Ng'wana Shija
Wenye ng'ombe walioko mbali na lambo. Nimeona nimekumbukwa, niko hapa, bei gani mzigo?

#55 Mpwa wa Ndanda
Nimeenda jana. Muuzaji anasema lambo lilikuwa kijani tangu yeye kijana, kabla hajafuga kuku hata mmoja. Jirani anasema muuzaji mwongo. Samaki walioelea walikuwa wakubwa kwa wadogo, kwa mujibu wa jirani. Muuzaji anasema wadogo tu. Chupa ya #46 nimeijaza, ila lambo kwa sasa ni la kahawia siyo kijani, tope tupu, hakuna kilichopanda wala kuzama cha maana. Bei imeshuka kidogo baada ya kutaja mita 60. Sijalipa. Nasubiri mvua na zile chupa tatu.

#56 Mzee wa Salfa
Ya upande wa mikorosho uipime na salfeti.

#57 Nanguruwe Express
Na utupa.

#58 Kuchele82
Wakati mnasubiri mvua, mimi nina wazo la biashara. Mpwa, huo udongo wa juu wenye 140 unaniuzia shilingi ngapi kwa lori la tani 10? Nauleta Nanyamba kwenye 6 yangu, wewe lambo lako linapona, mimi napata mbolea.

#59 Binti wa Mikindani
Mkuu, tani 10 kwa 140 ni fosforasi inayopatikana kilo 1.4. Hiyo ni DAP kilo 7. Utalipa mafuta ya lori kutoka Ndanda hadi Nanyamba kufuata ndoo ya DAP isiyojaa?

#60 Kuchele82
Na gunia la mbolea ya kuku iliyobaki bandani je?